Tyubu tisa za dawa ya chunusi, na hakuna hata mmoja aliyenambia haipakwi peke yake!

Assalaam alaykum wanajukwaa. Uzi mrefu huu, na naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka maneno matamu apite zake.

Leo magharibi, natoka kazini, nimepita duka la dawa la mtaani kwetu huku Fuoni kununua dawa ya kichwa. Mbele yangu kasimama mtoto wa skuli, mtandio mweupe, mkoba mgongoni, noti ya elfu kumi na nyengine ya elfu mbili kazikunja mkononi mpaka zimekuwa kama sambusa. Paji lote la uso chunusi tupu, maskini. Akasema kwa sauti ya chini, "Naomba ile geli ya chunusi." Kijana muuzaji hakuinua hata macho kwenye simu. Akapeleka mkono nyuma, akatoa tyubu, tyubu tupu, boksi halipo, karatasi ya maelezo haipo, akaisukuma juu ya kioo. "Asubuhi na jioni." Basi. Maneno matatu.

Nikamuuliza yule mtoto, "Mwanangu, hii ya ngapi?"

"Ya nne."

"Na pamoja nayo unapaka nini?"

Akanitazama kama nimemuuliza Kichina. "Napaka hii tu."

Hapo ndipo kijana akapata macho. "Dada, unanifukuzia wateja."

Yakhe! Mteja ndiye mie! Mie nimekula tyubu tisa za duka hilo hilo.

Nauza mabuibui Darajani, kwa hiyo uso wangu ndio kioo cha biashara. Rajabu ya mwaka jana mashavu yalichachamaa, vile vyenye usaha na vile vigumu vya chini kwa chini, ukilalia mto unaruka. Na wateja wetu wa Unguja munawajua, hawana soni. Mtu kashika buibui mkononi, anauliza bei, hapo hapo anaunganisha: "Bi dada, uso huo umeufanya nini?" Mwengine: "Olewa tu, zitaondoka zenyewe." Mama yangu kule Wete alipoiona picha akasema hilo jicho, nimesemwa, nivuke nikanywe kombe. Shangazi akaniletea mafuta ya karafuu. Nilitia tone moja kidevuni nikakimbilia bombani. Kesho yake pana kidonda.

Ndipo nikaenda dukani. Nikauziwa geli ya klindamaisini, antibayotiki ya kupaka, asilimia 1, shilingi 12,000. Nikauliza, "Napaka kwa muda gani?" Kijana akasema, "Mpaka zitoke."

Na sitawaongopea, ilifanya kazi. Hapo ndipo palipo na fitina yenyewe. Wiki ya tatu usaha umekauka, Ramadhani inaingia uso umetulia, Idd mosi nimepiga picha sina hata chembe ya poda. Nikawa nalitangazia duka lile bila mshahara. Watu watatu nimewapeleka kwa mkono wangu, Mungu anisamehe, mmoja binamu yangu.

Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, zikarudi. Mwanzo mbili tatu kwenye taya, nikasema ni siku zangu. Halafu shavu zima. Nikazidisha kupaka, mara tatu kwa siku, mara nne, napaka hata dukani nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Tyubu ikawa haifiki wiki tatu. Nikenda, kijana ananiuzia nyengine. Haulizi mbona hii ya sita, mbona hii ya saba. Ilipokwisha ya tisa nikamwambia, hii haifanyi kazi tena. Akasema, "Mwili umeshaizoea, badilisha." Akanipa losheni ya erithromaisini, antibayotiki nyengine.

Sasa shikeni hapo. Baadaye sana nikaja kuelezwa na daktari kwamba dawa hizi mbili, majina mbali mbali, zinampiga kijidudu pahala pamoja. Akishajua kuikwepa moja, mara nyingi keshaikwepa na ya pili. Yaani nimelipa pesa mpya kwa kushindwa kule kule. Na huo mwili unaosemwa umezoea, mwili wangu haukuzoea kitu. Waliozoea ni wale vijidudu, Cutibacterium acnes, vitabu vya zamani vinawaita Propionibacterium acnes, ambao kila mtu anao, hata mwenye uso kama yai. Wanakaa ndani ya vitundu vya vinyweleo, wanakula mafuta ya ngozi. Ukiwapiga kwa antibayotiki peke yake, miezi nenda miezi rudi, wanyonge wanakufa, wakaidi wanabaki, na wakaidi ndio wanaozaana. Huo ndio usugu tunaotangaziwa redioni kila siku kwa habari ya vidonge. Mie sikuwahi kusikia kwamba na ya kupaka ni mule mule. Wala si jambo la jana. Vijidudu vya chunusi vilionekana kuzishinda dawa hizi mbili tangu mwisho wa miaka ya 1970. Mie sijazaliwa!

Losheni nayo ikashindwa. Nikahama duka, nikaenda la mjini. Huko nikamkuta mama mmoja mpole, sauti kama ya chuoni, akanipa krimu "ya mchanganyiko". Ndani yake mna dawa ya fangasi, mna jentamaisini ambayo ni antibayotiki, mna betamethasoni ambayo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, vyote kwenye tyubu moja, eti hakosi kimoja kitakachofaa. Huo ni uvuvi wa baruti. Unatupa, kinachoelea juu unasema ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Siku ya nne uso ukang'ara. Wekundu umepotea, rangi imefunguka, wateja wananiuliza natumia nini. Nikapaka wiki sita. Ilipokwisha nikakaa siku mbili sina, na siku ya tatu nikaamka uso unawaka kama nimeunawia pilipili. Vipele vidogo vidogo, saizi moja, vimeuzunguka mdomo na kidevu, vinawasha. Maji ya bomba tu yakinigusa machozi yananitoka. Mfungo Sita tumealikwa maulidi, nimekaa nyuma kabisa karibu na masufuria, nimevaa ninja, mie nisiyevaa ninja. Alipopita mwenye mrashi kutumwagia marashi nikajifunika kwa mikono miwili kama mtoto anayeogeshwa. Bibi wa pembeni akaniuliza kama naumwa.

Binamu yangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa ngozi. Kasomea Moshi, pale hospitali ya KCMC wanapofundishia utaalamu huo. Aliniuliza maswali kumi kabla hajanishika uso. Nikamwagia mkoba mezani: tyubu zote tisa (nilikuwa nazihifadhi, msiniulize kwa nini), chupa ya losheni, krimu mbili. Akazipanga kwa mstari, akahesabu kwa kidole. Ile ya mchanganyiko akaitoa kwenye mstari akaiweka pembeni peke yake, kama unavyomtoa samaki aliyeharibika kwenye fungu.

Alichonambia ndicho nilichokuja kukiandika. Antibayotiki ya kupaka kwa chunusi haipakwi peke yake. Inakwenda pamoja na dawa nyengine ya kupaka, benzoili peroksaidi, kwa sababu hiyo benzoili haiui kwa njia ya antibayotiki: inatoa oksijeni mle ndani ya kitundu, na hawa vijidudu hewa wanaichukia, na mpaka leo haijaonekana wakiizoea. Tena haina "mpaka zitoke". Ina mwisho, wiki 12 hivi, kisha mgonjwa anatazamwa upya. Nilipofika nyumbani nikasema nihakikishe, isije ikawa naye ananiuzia yake. Nikakuta miongozo ya Uingereza ya 2021 imekataza wazi kutibu chunusi kwa antibayotiki ya kupaka peke yake. Madaktari wa ngozi wa Marekani nao mwaka 2024 wakasema hivyo hivyo. Haya mambo yapo wazi, si kitu cha kufichwa chini ya mkeka.

Steroidi akaikata. Akasema uso utanibembeleza niirudie, nisikubali, na kutulia kwake ni suala la miezi. Ngozi ilipopoa kidogo akanianzishia benzoili peroksaidi asubuhi, ya asilimia 2.5 na si 10, kwa sababu ya 10 inaunguza zaidi bila ya kuponya zaidi. Usiku adapalini, dawa ya kupaka ya kuzibua vitundu, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima (mwenye mimba haipaki hii), ambayo ilibidi niletewe kwa boti kutoka Dar. Nijikinge na jua, nisitumbue. Na akanionya: benzoili inakula rangi ya nguo. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nimesikia.

Sikusikia. Asubuhi ya pili nimejifutia kanga ya mama, ile aliyonipa nilipohamia Unguja. Ilipokauka ina mabaka ya rangi ya chungwa, na maandishi yaliyokuwa yakisema MOLA NIPE SUBIRA yamebakia MOLA NIPE. Dukani nikajaribu buibui jipya mbele ya mteja, shingo yake ikageuka rangi ya chai. Nimelilipia mwenyewe.

Sasa ni mwezi wa nne wa dawa. Chunusi zimepungua, hazijesha. Madoa meusi yapo, hayo yana ratiba yake. Tyubu tisa ni shilingi 108,000, sijahesabu losheni, krimu, wala nauli. Na dawa yenyewe siilaumu hata kidogo! Klindamaisini ni dawa nzuri mahala pake. Ninayemlaumu ni aliyekaa nyuma ya kioo na koti jeupe, akaniona nakuja mara tisa, asitie neno. Leo nimemuuliza, boksi na karatasi zake huwa munazipeleka wapi? Akanionyesha ndoo. "Zinajaza nafasi." Karatasi iliyochapishwa kiwandani ili niisome mie, ipo kwenye ndoo pamoja na maganda ya chungwa.

NYONGEZA, saa nne usiku

Nimeyasoma majibu yenu. Aliyeandika kwamba yeye alipaka miezi miwili, zikaondoka, akaacha, hajaziona tena: alhamdulillahi, na hilo la kuacha ndilo lililokufaa, mie hakuna aliyeniambia niache.

Wanaotaka nilitaje duka, sitaji. Nikilitaja hili, la jirani linauza vile vile na litafurahi.

Shoga yangu wa liwa na manjano, liwa naipenda, harufu yake harusi tupu. Lakini singo ya kusugulia, juu ya chunusi yenye usaha? Nimefanya hiyo nayo kabla ya yote haya. Zilisambaa mpaka shingoni.

Bwana aliyesema "wanawake munajiharibu wenyewe, Mungu kawaumba wazuri": kaka yangu, huyo binamu niliyempeleka dukani kwa mkono wangu ni mwanamme, ana ndevu, anaendesha gari ya shamba. Na yeye alikula tyubu tano.

Na wewe uliyejitambulisha kuwa ni muuza dawa, ukasema wateja hawataki maelezo, wanataka dawa na chenji. Nakukubalia nusu. Mie siku ile nilikuwa na haraka ya daladala. Lakini "usipake peke yake, isizidi miezi mitatu" ni maneno sita. Chenji inachukua muda zaidi, khasa mukiwa hamuna mia tano.

Mulioniuliza habari za yule mtoto: aliichukua tyubu yake akaondoka. Ningemnyang'anya? Nilimfuata mpaka njiani nikamuandikia jina la benzoili peroksaidi nyuma ya kadi ya duka langu, nikamwambia amuonyeshe mama yake, kisha wamtafute daktari. Akaitia mfukoni. Akaniuliza kama inaumiza. Nikamwambia inakausha na inachoma kidogo mwanzoni, aanze siku moja apumzike siku moja, na asijifutie nguo ya skuli.

Dada wa Chake uliyeniuliza benzoili inapatikana wapi huko: hapa mjini nimeiona ya 5 na ya 10 tu, hiyo yangu ya 2.5 ilikuja na boti pamoja na adapalini. Kama yupo aliyeiona ya 2.5 Chake au Wete aandike hapa chini, aandike na bei, na aseme kama boksi lake lilikuwemo. Mie nalala, saa mbili nafungua duka.