Kupiga ekstra: mlango wa kuingia kwenye uigizaji au kuuza sura tu? Wana Dodoma tuongee

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili, naombeni tulijadili kiutu uzima.

Mdogo wangu, binti wa mama mkubwa, yuko mwaka wa pili pale UDOM, anapenda uigizaji kupita kiasi. Kapigiwa simu aende Dar siku nne akapige ekstra, yani kujaza watu nyuma ya waigizaji, kwenye tamthilia. Posho elfu kumi na tano kwa siku, nauli yake mwenyewe, kulala atajua mwenyewe. Kaniomba hela ya treni. Sasa piga hesabu na mimi: SGR daraja la kawaida ni 31,000 kwenda, 31,000 kurudi, jumla 62,000. Posho ya siku nne ni 60,000. Yani mtoto anatoa elfu mbili yake mfukoni ili apite nyuma ya watu wanaoongea, na hapo hajala, na ana testi mbili wiki hiyohiyo. Nimekataa. Mama mkubwa kanuna, ndugu wananiita mziba riziki.

Na sisemi kwa kusimuliwa. Mimi mwenyewe nilishapiga ekstra, walikuja jamaa kushuti huku njia ya kwenda Mtumba, sini ya harusi. Tulifika saa moja asubuhi, nikapewa chupa ya soda nishike kama mgeni mwalikwa, nikaambiwa usinywe, soda ikipungua picha hazitaungana. Mwezi wa nane ule, upepo wa Dodoma mnaujua, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, nimekaa na ile soda mpaka saa kumi jioni imekuwa ya moto kama chai na kiu inaniua huku nimeshika kinywaji mkononi. Kazi ilipotoka mama aliita majirani wa Nkuhungu nusu mtaa wakajaa sebuleni. Tukasubiri. Kilichopita ni kiwiko. Mama akaruka, "shati lake lile! Nililinunua mimi Sabasaba!" Ndo umaarufu wangu huo, wa shati.

Sikatai, nilijifunza. Nilijifunza kwamba dakika moja ya filamu inaweza kula saa tano, kwamba usiikodolee kamera macho, na nilimuona yule dada mhusika mkuu analia kwa mara ya sita mstari uleule na machozi yanatoka kweli, hicho kilinifundisha kuliko chochote. Ila vyote hivyo nilivipata siku ya kwanza. Nilirudi kwenye kazi zao mara sita nyingine na sikuongeza kitu, nilizoea tu kukaa kwenye kiti cha plastiki. Hoja yangu ndo hiyo: ekstra nenda mara moja au mbili ukaone, ya tatu unapoteza muda.

Najua mtaniambia mastaa wa Marekani walianzia huko. Ni kweli, Brad Pitt mwaka 1987 alikuwa ekstra kwenye filamu kadhaa. Lakini alikuwa pia anasomea uigizaji kwa mwalimu, Roy London. Watu wanaisimulia ile nusu ya kwanza tu. Halafu kule ekstra ana ngazi. Los Angeles wana Central Casting tangu 1925, ilianzishwa kwa sababu watu walikuwa wanajazana kwenye mageti ya studio na kunyonywa. Na ukipiga ekstra siku tatu kwenye kazi zinazotambuliwa na chama chao cha waigizaji unaweza kuomba uanachama, yani siku zako zinahesabika na zina karatasi. Hata ule mgomo wao wa siku 118 mwaka 2023, mojawapo ya mambo waliyogombania ni ekstra kupigwa skani mwili mzima halafu sura yake itumike bila kulipwa. Mimi siku zangu saba karatasi yake iko wapi? Ngazi hamna, unapanda nini?

Filamu ya maisha ya Gandhi ya 1982, kwenye sini ya mazishi walijaa watu kama laki tatu. Aliyebeba Oscar ni Ben Kingsley, ambaye alitokea kwenye maigizo ya jukwaani. Na hapa kwetu, Kanumba, Ray, Johari, wote wamepitia kikundi cha maigizo cha Kaole, mazoezi, unaigiza mbele ya wenzako na unasemwa ukikosea. Bora mtoto akajiunge na kikundi pale chuoni kuliko kwenda kuwa kiwiko.

Nakaribisha mawe.

*

Kaka mpe mtoto nauli bwana. Mi nilianza hivyohivyo, tena hapahapa Dodoma ambapo wengi wanaokuja ni watu wa matangazo ya kampeni za afya, nimekuwa "mwananchi", nimekuwa mjamzito kwenye foleni ya kliniki mara tatu, tumbo la mto. Siku ya tatu yule aliyetakiwa kuwa nesi gari lao likakwama Gairo, direkta anazunguka anauliza nani anaweza kusoma vizuri hapa. Mi nilikuwa nimeshakariri maneno ya watu wote sababu unakaa saa sita huna cha kufanya. Nikavaa gauni la nesi likanibana kwapani nikasema sentensi mbili zangu na wakaondoka nazo. Tangu hapo naitwa kwa jina. Sasa ningekuwa nimekaa nyumbani Chang'ombe nani angenipa hilo gauni? Bahati haikufuati kitandani.

*

62,000 unapata kuku wa kienyeji na chenji. Njaa tupu hizi.

*

Wakuu mi ndo napigaga hizo simu za kuita ekstra, sio kwenye hiyo tamthilia ila nafanya kazi hiyohiyo, ngoja niseme ukweli hata kama utaniuma mwenyewe. Dada wa nesi ana haki, hiyo hutokea, nimeiona kwa macho kama mara mbili hivi katika miaka yangu yote. Ila tuangalie simu yangu. Nimewasevu hivi: Ekstra Mnene, Ekstra Mzee Kanzu, Ekstra Mrefu Kizota, Ekstra Mama Kilio (huyu analia msibani mpaka unaogopa). Direkta akiniambia nitafutie mtu wa kuongea, sifungui hayo majina, napiga kwa mtu wa kikundi au aliyetoka TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, maana najua ameshafundishwa na hatanitia aibu. Sio roho mbaya, ni vile nilivyokuzoea. Mzee Kanzu kaniuliza mwaka mzima lini ataongea na mimi hata sauti yake vizuri siijui. Na mnaojipendekeza kwa mastaa kupiga nao selfi wakati wa kazi, mjue nawafuta kabisa.

*

Mkuu unayepiga simu umenimaliza, nimecheka halafu nikakosa raha, sijui na mimi niliseviwa nani. Ekstra Kiwiko labda.

Dada wa nesi nimekuelewa, na kuna kitu umekisema ukakipita haraka: ulikariri maneno ya watu wote. Wenzako kwenye ile foleni walikuwa wanachati. Kwa hiyo kilichokutoa ni ekstra au ni kukariri? Maana kukariri hata chumbani unakariri, simu unayo, unajirekodi, unamtumia mtu akuseme. Ila ya gari kukwama Gairo hiyo siwezi kubishana nayo, chumbani haikufuati.

Nimelegea kidogo. Nimemwambia mdogo wangu awaulize mambo mawili, kama kuna hata sentensi moja ya kusema, na kama posho inaandikwa mahali na kusainiwa au inatoka mfukoni mwa mtu jioni. Wakimpa jibu la kueleweka nauli nalipa, na kwenye testi aongee na walimu wake mwenyewe.

Kajibu sasa hivi. Kuhusu sentensi wamesema "tutaangalia hukohuko". Kuhusu kusaini hawajasema kitu. Ila wameongeza kwamba aje na magauni matatu ya sherehe ya kwake mwenyewe, yasiwe meupe na yasiwe na maandishi. Haya, mnaosema namfanyia mtoto roho mbaya, magauni yananunuliwa na nani?