Tupeane uzoefu: shoti ya umemetuli unaposhuka kwenye gari

Mwanzilishi wa mada, Soroti

Ndugu zangu, salamu. Kiangazi kinapokolea, kuanzia Desemba hadi Februari hivi, sisi tunaoendesha magari kati ya Soroti na Moroto hupigwa shoti tunaposhuka na kunyoosha mkono kuufunga mlango. Abiria wengi hudhani kwamba kuna waya uliochubuka, na mama mmoja mzee niliyemchukua alikataa kabisa kuugusa mlango tena, ikabidi nimfungulie kila tuliposimama. Betri haihusiki hata kidogo; huu ni umemetuli, yaani umeme unaojikusanya juu ya vitu bila kutiririka. Nguo husuguana na kiti, na mtu anapoinuka chaji ya umeme hutengana, nyingine ikabaki kitini na nyingine ikaondoka na mwili wake; soli za mpira huizuia isishuke ardhini, basi hukaa mwilini mpaka kidole kikaribie chuma.

Kinachonisaidia ni kushika chuma cha gari nikiwa bado nimekaa, kisha nisikiachie mpaka miguu yote miwili ikanyage chini, kwa kuwa hapo chaji hupita taratibu kadiri inavyojitokeza, bila cheche. Wenzangu, ninyi mnafanyaje?

Mchangiaji, Kampala

Huku karibu na ziwa jambo hili ni nadra, kwa sababu hewa yenye unyevu huacha utando mwembamba wa maji juu ya vitu, na chaji huvujia humo. Hata hivyo, safari ndefu yenye kiyoyozi hukausha hewa ya ndani ya gari, na mke wangu anapovaa gomesi ya satini juu ya viti vyetu vilivyovikwa kitambaa cha nailoni, shoti haikosekani. Tulitandika shuka la pamba kwenye kiti chake, na tatizo likapungua sana.

Fundi wa magari, Katwe

Naunga mkono njia ya mwanzilishi, ila naongeza kwamba rangi ya gari huzuia umeme, kwa hiyo gusa chuma kilicho wazi, kama kile kitanzi cha kwenye nguzo ya mlango ambacho kitasa hukikamata mlango unapofungwa. Aliyekwisha kushuka bila kushika kitu ashike ufunguo kwa kuukaza vidoleni, kisha aguse chuma kwa ncha yake. Cheche itarukia kwenye ufunguo, na ngozi haitaumia.

Wateja huniomba niwafungie ule utepe wa mpira unaoburuzwa chini nyuma ya gari. Siwashauri kuununua kwa ajili ya shoti hii. Utepe huondoa chaji iliyo kwenye bodi ya gari, ilhali chaji inayokuuma imo mwilini mwako, tena matairi mengi yametiwa masizi ya kaboni yanayopitisha umeme kiasi cha kutosha.

Mhudumu wa kituo cha mafuta, Mbale

Nawaomba ndugu zangu msiichukulie shoti hii kuwa kero ya kidole tu. Mtu huanza kuihisi mwili unapofika volti 3,000 hivi, na cheche ya mwili wenye chaji kubwa zaidi ya hapo inaweza kubeba nishati ya milijuli moja (sehemu moja ya elfu ya juli) au zaidi, wakati mvuke wa petroli uliochanganyika vizuri na hewa huhitaji takriban robo ya milijuli tu ili uwake. Ndiyo maana dereva anayeshuka kufungua kifuniko cha tangi namwambia aguse kwanza chuma cha gari, mbali na mdomo wa tangi, na asirudi kuketi mafuta yakiwa bado yanaingia, kwa sababu akiinuka tena atakuja na chaji mpya.

Jerikeni hunitia wasiwasi zaidi. Petroli yenyewe huzalisha chaji inapopita kwenye mpira wa pampu, na jerikeni iliyowekwa juu ya kiti cha bodaboda, au ndani ya pikapu yenye zulia la plastiki, haina njia ya kuipeleka chaji hiyo ardhini. Mimi huiomba ishushwe chini, naugusisha mdomo wa pampu kwenye shingo ya jerikeni, kisha naanza kumimina polepole. Wengine hukasirika kwa kucheleweshwa. Nawavumilia, lakini siijazi ikiwa juu ya pikipiki. Na moto ukitokea kwenye mdomo wa tangi, usiuchomoe mdomo wa pampu, kwa kuwa utamwaga petroli inayowaka. Rudi nyuma upesi na upige kelele ili mhudumu azime pampu.

Dereva wa lori la mafuta, Malaba

Mhudumu amesema kweli. Kwetu sisi, kabla ya kupakia au kushusha mafuta, lori hufungwa waya wa kupeleka chaji ardhini, na waya huo hauondolewi mpaka mipira yote ya mafuta ifunguliwe na vifuniko virudishwe.