Tupeane uzoefu: tuliolala ndani ya miji ya vilimani yenye ngome za kale, Ulaya ya kusini

Mpanda Ngazi (mwanzilishi wa mada)

Ndugu zangu, nawasalimu. Mara kwa mara naona watu wakiweka picha za ngome za Ureno, Hispania na Italia ambazo walizipanda asubuhi na kuziacha kabla ya chakula cha mchana, na picha zote zinafanana: ukuta, bendera na mawingu. Mada hii naomba iwe ya wale waliolala huko walau usiku mmoja, au walioishi kabisa. Ili tusitawanyike, kila mchangiaji aguse mambo mawili ambayo yananisumbua tangu nirudi: watu waliojenga juu ya jabali walipata wapi maji, na jioni, wageni wakishashuka, ni nani anayebaki?

Naanza mwenyewe. Mwezi Novemba nilikwenda Marvão, mji mdogo wa Ureno ulioketi juu ya jabali lenye kimo cha mita 860 hivi kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na mpaka wa Hispania. Jina lake linatokana na Ibn Marwan, kiongozi Mwislamu wa karne ya 9 aliyeasi utawala wa Waislamu wa Kordoba, Hispania, na kulifanya jabali lile kimbilio lake. Nilipanda kwa miguu kutoka kitongoji cha Portagem kwa njia ya zamani iliyotandikwa mawe, na kufikia nusu ya safari nilikuwa nimeshaelewa kwa nini adui aliyefika juu angefika akiwa hana nguvu ya kupigana.

Ndani ya ngome kuna birika kubwa lenye dari ya matao, la kukusanyia maji ya mvua. Nilisimama pale gizani nikatamka jina la marehemu bibi yangu kwa sauti ya kawaida tu, na jina likazunguka kwenye matao na kunirudia likiwa zito kuliko nilivyolitamka. Wenyeji husema birika likijaa liliweza kuwatosha watu kwa miezi 6 ya kuzingirwa. Nilitazama mnara mkuu, nikatazama birika, na nikaona kwamba ngome hasa ni lile birika, na mnara ni mlinzi wake tu.

Niliyekulia Mombasa nilizoea kudhani kwamba ngome ni kitu kama Ngome ya Yesu. Sivyo. Ile ya kwetu ilianza kujengwa mwaka 1593, enzi ya mizinga, na ndiyo maana kuta zake ni nene na pembe zake zimechomoza ili kila upande ulindwe kutoka upande mwingine. Hizi za zama za kati zilijengwa kabla baruti haijatawala vita, kwa hiyo zilitegemea kimo: ukuta mrefu, mnara mrefu zaidi, na kilima chini ya vyote. Marvão ina vyote viwili, kwani katika karne ya 17, Ureno ilipopigana na Hispania, iliongezewa kuta za kupokea mizinga chini ya zile za kale.

Jioni mama mwenye nyumba niliyopanga aliniwekea chestinati (aina ya kokwa) za kuchoma, maana huo ndio msimu wake na mji hufanya sherehe ya chestinati kila Novemba. Kireno sikijui, lakini aliposema *mesa* nilikaa kwenye meza, aliposema *copo* nilishika kopo, na aliposema *vinho* nilielewa kwamba ni mvinyo nikaomba maji. Baadaye nilitoka nje kutembea. Barabara nzima nilihesabu madirisha 9 yenye taa.

Mwana wa Makunduchi

Assalaam alaykum. Mimi nilisoma Ureno, na likizo moja nililala siku nne Mértola, kusini, mji ulioshuka ubavuni mwa kilima hadi Mto Guadiana. Juu kabisa iko ngome, ambayo mnara wake mkuu ulijengwa mwaka 1292 na wapiganaji wa kidini wa Santiago, waliouteka mji mwaka 1238. Chini kidogo ya ngome liko kanisa jeupe, na hilo kanisa ndilo lililonifanya niongeze siku.

Niliingia kama mtalii mwingine yeyote. Nguzo ni nyingi, zimesimama kwa safu, na nafasi iliyo baina yake ni ya watu wa kusimama bega kwa bega. Nikajiambia kuwa nyumba hii naijua. Nikapita pembeni ya madhabahu, na nyuma yake ukutani nikaiona mihrabu, imebaki mahali pake, na nakshi zake za matao bado zinaonekana kwenye lipu. Jengo lile lilikuwa msikiti wa karne ya 12, na milango yake kadhaa ingali na matao ya umbo la kwato ya farasi. Kwetu Kizimkazi tuna mihrabu yenye maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na nimeiona tangu utotoni bila kuitilia maanani. Ilibidi nifike Mértola, nisimame nyuma ya madhabahu ya watu wengine, ndipo nikapata hamu ya kurudi kuitazama vizuri ya kwetu.

Kuhusu maji, Mértola ilijibu swali lako kwa namna nyingine. Mto uko chini, lakini mto una faida gani ikiwa adui amekaa ukingoni? Watu wa kale walijenga mfululizo wa matao mazito kutoka ukutani mpaka ndani ya mto, ili walioko ndani wafikie maji bila kutoka nje ya ulinzi. Nguzo zake zimesimama mpaka leo.

Wanaobaki usiku ni wazee pamoja na watu wa akiolojia. Tangu mwaka 1978 kuna kundi la watafiti lililoweka kambi ya kudumu pale, likichimba na kufungua majumba madogo ya makumbusho mji mzima, kiasi kwamba kijana wa pale anaweza kupata kazi ya kusafisha vigae vya Waarabu badala ya kuhamia mji mkubwa. Mimi naona huo ni mfano mzuri kuliko kugeuza kila nyumba kuwa ya wageni.

Mpenzi wa Maneno

Nyongeza fupi. Mwenye kupita Aragon, Hispania, alale Alquézar. Jina lenyewe ni *al-qasr*, neno lile lile lililotupatia sisi kasri, na ngome yake ya juu ya mwamba ilianzishwa na Waislamu katika karne ya 9 kabla ya Wakristo kuitwaa na kujenga kanisa ndani yake. Birika kwa Kihispania ni *aljibe*, kutokana na *al-jubb*, na meya wao ni *alcalde*, ambaye kwa asili ni kadhi. Nilikaa kwenye baraza ya mgahawa nikisoma mabango ya serikali ya mtaa kama mtu anayesoma barua ya binamu yake.

Padri wa Milimani

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi si mtalii. Natoka Singida na natumikia vijiji kadhaa vya Abruzzo, katikati ya Italia, kwa sababu huku mapadri wenyeji ni wachache na wamezeeka pamoja na waumini wao. Jumapili naadhimisha Misa tatu katika makanisa matatu, na jumla ya watu katika Misa zote tatu haijai jumuiya moja ndogo ndogo ya nyumbani.

Ngome ninayoifahamu zaidi ni Rocca Calascio, iliyo kwenye kimo cha mita 1,460 hivi. Ni mnara wa mraba ulioishi peke yake kwanza, kisha ukazungushiwa ukuta wenye minara minne ya duara kwenye pembe. Watu wengi hudhani kwamba ililinda dhahabu au mfalme. Ililinda njia za kondoo. Utajiri wa milima hii ulikuwa manyoya ya kondoo, na kila mwaka kabla ya theluji wachungaji waliteremsha makundi hadi tambarare za Puglia na kuyarudisha wakati wa majani mapya. Mtu wa Singida haelezwi maana ya kuhama na mifugo. Hata ukoo wa Medici wa Firenze ulitawala kijiji jirani cha Santo Stefano di Sessanio kuanzia mwaka 1579 kwa ajili ya manyoya hayo hayo.

Tetemeko la mwaka 1461 liliiharibu vibaya ngome, na lile la mwaka 1703 likawafanya watu wa kijiji kilichoizunguka waanze kuteremka kuhamia kijiji cha Calascio kilicho chini yake. Tarehe 6 Aprili 2009, tetemeko la L'Aquila liliangusha mnara wa Santo Stefano ambao ulikuwa alama ya kijiji. Waumini wangu bado wanapima wakati kwa tetemeko hilo, kabla yake na baada yake, na wakisimulia hushusha sauti.

Ni nani anayebaki? Nimezika wengi na nimebatiza wachache mno. Katika kijiji kimoja kuna bibi wa miaka zaidi ya themanini ambaye hulima dengu ndogo za rangi ya kahawia iliyoiva, zisizozidi ukubwa wa kichwa cha pini, zinazoota huku juu tu kwenye udongo wa mawe. Siku ya kwanza nilipofika alinipa bakuli la dengu hizo lililotiwa mafuta ya zeituni tu, akasimama kunitazama nikila, kisha akaniuliza kama kwetu kuna baridi. Nilimwambia kuwa Singida usiku wa Julai kuna upepo. Alikwenda ndani, akanitolea fulana ya sufu ya marehemu mumewe.

Dereva Mstaafu

Shikamoo Padri, na heshima kwa wote. Mimi ni wa Nakuru, naishi Uingereza, na uzoefu wangu ni wa gharama. Nilikodi gari nikazunguka Toscana, na katika mji mmoja wa kilimani nisioutaja nilipita chini ya lango la kale nikitafuta hoteli. Kando ya lango palikuwa na alama ya duara, nyeupe katikati na nyekundu pembezoni, pamoja na maandishi ambayo sikuyasoma kwa kuwa nilikuwa nikitazama lango. Ilikuwa na maana kwamba magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi, na kamera ilikuwa juu yake. Nilipita, nikapotea, nikazunguka na kupita tena. Miezi kadhaa baadaye barua za faini zilifika mbili, na kampuni ya gari nayo ilinikata fedha kwa kazi ya kutaja jina langu kwa wakubwa wa mji.

Tangu hapo gari naliacha chini ya ukuta. Monteriggioni, ambayo Siena iliijenga katika miaka ya 1210 ili kumkabili Firenze, nililala nikiwa na begi la mgongoni tu. Ina minara 14 juu ya ukuta wa duara, na Dante, mshairi wa kale wa Italia, aliitaja katika shairi lake akiifananisha na majitu yaliyosimama kuzunguka shimo. Ndani hamna mengi: kiwanja, kanisa, mikahawa na nyumba chache. Mchana ni soko la wageni, lakini saa nne usiku nilikaa kwenye ukingo wa kisima cha pale kiwanjani na sikusikia kitu isipokuwa sahani zikioshwa.

Mwalimu wa Fizikia

Nami nichangie kuhusu Erice, Sicilia, mita 750 juu ya bahari. Wanasayansi wengi wanaujua mji huu kwa sababu ya kituo cha Ettore Majorana, kilichoanzishwa mwaka 1963 katika majengo yaliyokuwa ya watawa, ambako watu wa mataifa yote hukusanyika kwa kozi fupi. Nilitumwa huko kwa wiki mbili. Ngome yake ilijengwa na Wanormani katika karne ya 12 mahali palipokuwa na hekalu la Venus, mungu wa mapenzi wa Warumi wa kale, na ukisimama pale siku yenye jua unaona mashamba ya chumvi ya Trapani yakimetameta kama vioo vilivyolazwa chini.

Lakini siku yenye jua usiitegemee. Ukungu hupanda kutoka baharini na kuumeza mji kwa dakika chache. Wenyeji huuita busu la Venus, nami ulinibusu usiku wa tatu nikitoka ngomeni. Sikuona hata mkono wangu. Mawe ya njia yamesuguliwa na karne nyingi za viatu, yakilowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo nilianguka, nikainuka, nikashika ukuta na kuufuata kwa kiganja. Ukuta ulinipeleka ndani ya ua wa watu. Mzee mmoja alitoka na tochi, akacheka kwanza, kisha akanionesha kifuniko cha chuma katikati ya ua na kunisihi nisikikanyage: chini yake kulikuwa na birika la maji ya mvua. Nyua za Erice ndizo zilizokuwa na mabirika hayo, kila nyumba ikijitegemea kwa maji ya paa lake.

Huyo mzee aliniambia kuwa wanawe wote wanaishi chini, karibu na Trapani, kama walivyo watu wengi wa manispaa ya Erice yenyewe. Gari la waya huwapandisha dakika chache tu, isipokuwa siku ya upepo mkali, ambapo halitembei na anakula peke yake.

Mpanda Ngazi

Nawashukuru sana. Nimeona sasa kwamba kila mji ulijibu swali la maji kwa akili yake, Marvão kwa birika moja la wote, Erice kwa birika la kila ua, Mértola kwa kuupeleka ukuta mtoni. Baba Padri, niruhusu swali moja: yule bibi wa dengu bado anaishi pale kijijini?

Padri wa Milimani

Yupo hai, namshukuru Mungu, ila majira ya baridi yaliyopita bintiye alimteremsha Pescara, karibu na hospitali. Aliniachia ufunguo wa nyumba. Jumamosi nikipanda kuandaa kanisa hufungua madirisha yake kwa saa moja ili ukuta usipate ukungu, kisha nayafunga, na nikifika nyumbani nampigia simu kumwambia kama theluji imefika mlangoni.