Mafunzo kwa wakopaji wa vijijini: gharama za matibabu zikishuka, tushangilie?

Wadau, kuna hoja inayorudi kila vinapojadiliwa vikundi vya mikopo midogo: mkopo uambatane na mafunzo, na mafunzo yapimwe kwa kuangalia kama kaya imepunguza fedha za matibabu. Sehemu ya kwanza naiunga mkono kabisa. Ya pili naipinga.

Benki ya Grameen ya Bangladesh, iliyochipuka kwenye jaribio la mchumi Muhammad Yunus la kuwakopesha maskini kijijini Jobra mwaka 1976, iliwapa wanachama wake Maamuzi 16, yaani ahadi za namna ya kuishi, mwaka 1984. Mengine yalihusu afya moja kwa moja: kujenga choo na kukitumia, kunywa maji ya kisima cha pampu, na yakikosekana kuyachemsha au kuyatia shabu. Somo kama hilo likishika, mtoto haharishi ovyo na fedha ya dawa inabaki kwenye mtaji. Kushuka huko ni heri tupu.

Kuna kushuka kwa shari vilevile. Katika vikundi vingi vya mikopo marejesho ni kila wiki, wanakikundi wanadhaminiana, na mama mwenye homa anajua kwamba asipoleta, wenzake watalazimika kumlipia. Basi anameza vidonge vya maumivu na kuahirisha zahanati. Kwenye dodoso anaonekana ametumia kidogo, na mradi unajipongeza! Kipimo kilichozoeleka kimataifa nacho kilikuwa na tundu hilohilo: hadi mwaka 2025 kilihesabu kaya iliyotumia zaidi ya asilimia 10 ya bajeti yake kwa afya. Aliyekosa nauli akabaki kitandani hakuwemo.

Tena mafunzo mazuri yanaweza kupandisha gharama. Mjamzito aliyefundishwa dalili za hatari ataondoka nyumbani mapema, na atalipa. Mimi hayo nayaita mafanikio.

Kwa hiyo tuulize mengine: alikwenda kutibiwa siku ngapi baada ya kuugua? Alilipa kwa akiba, kwa kuuza mbuzi, au kwa mkopo mwingine wa riba kali zaidi? Na taasisi inayofundisha afya huku ikikataa kusogeza rejesho la mgonjwa hata wiki moja, inamfundisha mtu kitu ambacho ratiba yake yenyewe inamzuia kukitenda. Hapo ndipo ninapokasirika.

Wanaotetea kipimo cha gharama, naomba jibu: kwenye takwimu zenu, mnamtofautishaje asiyeugua na aliyeugua akashindwa kwenda?