Spika janja moja inabaki bubu umeme ukirudi, naomba ushauri
Habari za jioni wakuu. Nimekwama.

Nina spika janja mbili za bei mbaya, shemeji aliniletea kutoka Uingereza. Zinacheza kama jozi kwa waifai, kushoto na kulia. Sauti ni tamu, sikatai. Shida ni kwamba umeme ukikatika na kurudi, ya kulia inabaki bubu, taa ya chungwa inapepesa tu. Nimeona spika zinawaka upesi wakati ruta bado inajivuta. Hata zikipatana, kuna muda moja inachelewa kidogo, unasikia mwangwi kama uko bafuni. Hazina tundu la waya wa sauti, kwa hiyo intaneti ikigoma nabaki na mapambo ya kabati. Kiswahili nacho hazisikii, mama akiziita zinamnyamazia.

Nimeshazirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani mara tatu, nimesasisha programu, nimehamishia ruta sebuleni. Ruta inatoa masafa mawili ya waifai, 2.4 GHz na 5 GHz, kwa jina moja.

Nikitenganisha majina na kuziweka zote mbili kwenye 5 GHz, itasaidia? Na UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika) ya ruta peke yake inatosha, au spika nazo ziingie humo? Nijibuni kabla sijaziuza.