Kibaraza cha kukalia bafuni kwa ajili ya mama: nijenge vipi?

MwanaTabata
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaojua ujenzi, na hata wasiojua ila wanaishi na wazazi.

Mama yangu ametoka Pangani, yuko kwangu Tabata kwa sababu ya magoti. Anaoga kwa ndoo na kopo. Shawa ipo, anasema ile inamtemea mate. Kwake alizoea kigoda. Huku siku za mwanzo mke wangu akamkuta bafuni kakalia mbuzi ya nazi, kaitandikia kanga, ule ulimi wa chuma kauelekeza ukutani. Kukaa anakaa, kuinuka ndiyo kazi. Mimi siwezi kuingia, nabaki mlangoni nauliza "vipi mama?", anayeingia kumwinua ni mkwewe. Hapo ndipo panapomuuma. Siku hizi anaahirisha kuoga mpaka anione nimetoka na mke wangu yuko peke yake.

Nikanunua kiti cha plastiki chenye mikono, vile vya kwenye shughuli. Wiki ya pili miguu ya nyuma ikatanuka kwenye vigae vyenye sabuni, akashuka nacho polepole kama mtu anayekaa mkekani. Hakuumia, namshukuru Mungu. Nikaleta kile cha hospitali, cha bomba, chenye tundu katikati. Hakukigusa: "Hicho mpelekee aliyelazwa. Mie nimezeeka tu."

Bafu lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.2, choo cha kukaa kiko upande wa mlango. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, bawaba za mlango zimeshaliwa na kutu. Nataka kitu cha starehe, cha kudumu, kisichonuka wodi. Natanguliza shukrani.

Mtu_wa_Foleni
Weka sofa kabisa na luninga. Natania mkuu. Ila mimi nikishuka daladala Ubungo saa mbili usiku, hicho kiti nakihitaji kuliko mama.

Shangazi_K
Chukua sponji ya inchi mbili, funika na lezi (ngozi ya bandia), gundisha juu ya benchi la mbao. Mimi ninayo chumba cha kuvalia, tamu sana.

FundiKimara
Shangazi, chumba cha kuvalia sawa. Bafuni sponji ikishakunywa maji haitemi. Kwa unyevu wa Dar, mwezi haupiti lezi imeota ukungu mweusi kwenye mishono na harufu inakuja mpaka sebuleni.

Mkuu, jenga kibaraza. Panga tofali kwenye kona iliyo mbali na mlango, piga plasta, bandika vigae vyenye mkwaruzo, siyo vya kung'aa. Kina sentimita 40, urefu wa kwenda pembeni 60 au 70 ili mtu ajigeuze. Juu uweke mteremko kidogo kuja mbele, sentimita moja tu inatosha, maji yasilale. Ukingo wa mbele uviringwe, usiache kona ya kigae ikate paja. Kutu hapo haina cha kula.

NesiMstaafu
Shikamoo kwa mama. Fundi kasema vizuri ila lile sanduku la tofali litamfunga. Jaribu mwenyewe sasa hivi: kaa kitini, nyoosha miguu mbele, halafu inuka bila kuvuta visigino nyuma. Huwezi. Mwenye goti bovu ndiyo kabisa. Chini ya kiti lazima pawe wazi visigino viingie.

Kuhusu kimo, usinunue namba ya mtu mwingine. Mkalishe mama, nyayo ziguse sakafu zote, pima kutoka sakafuni mpaka kwenye mkunjo nyuma ya goti. Kiti kizidi hapo kidogo, magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Kigoda na mbuzi vinamuua kwa sababu hiyo.

Na mkono wa kushika ukutani. Siyo kibomba cha taulo! Kile kimebanwa na skrubu mbili fupi, mtu akikitegemea kinakuja naye.

FundiKimara
Hapo dada kanishika. Basi jenga kuta mbili ndogo za pembeni, juu umwage zege lenye nondo, katikati pabaki mvungu. Zege limwagiwe maji siku saba, usiruhusu mtu akalie kwa kuwa limekauka kwa macho. Mkono uwe wa stenlesi, bolti ndefu ziingie kwenye tofali lenyewe, zisiishie kwenye plasta.

MwanaTabata
Mama nimempima: sentimita 41. Alicheka sana, akauliza kama namshonea suruali. Je, kigae hakitakuwa baridi? Analalamika baridi inapanda kiunoni.

FundiKimara
Nenda Keko, wakuchongee kichaga cha mtiki, vibao vyenye nafasi kati yake kama kidole. Mtiki una mafuta yake, hauogopi maji. Skrubu za stenlesi. Usikigandishe, kiwe cha kunyanyua na kuanika.

MwanaTabata
MREJESHO. Wiki sita zimepita, samahanini kwa ukimya.

Kibaraza kimesimama, sentimita 45 pamoja na kichaga. Siku ya kwanza mama akakaa, akashika mkono, akainuka, akakaa tena, akainuka tena, na nguo zake mwilini, huku akituangalia mimi na mkwewe kama mtoto aliyeshika baiskeli. Nikasema kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Alipoanza kuoga nikasikia kopo linagonga gonga chini. Kumbe tumempandisha yeye, ndoo tumeiacha sakafuni! Akitaka maji lazima ainame mpaka kichwa kifike magotini. Wote humu tulipima goti, hakuna aliyepima ndoo. Fundi wangu karudi, akajenga kidato upande wa kulia, sentimita 25, ndoo inakaa hapo. Mdomo wake sasa uko juu kidogo ya paja, anachota bila kukunja mgongo. Tunaijaza nusu ili isimwelemee akiivuta.

Kichaga mke wangu alikianika juani siku nzima kibao kimoja kikapinda kidogo. Sasa tunakiegemeza kivulini penye upepo. Mkono wa ukutani nimening'inia mwenyewe, kilo 83, haujatikisika.

NesiMstaafu
Ndoo imetushinda wote, kweli. Anaingia peke yake?

MwanaTabata
Peke yake, na komeo anafunga. Nimemwomba alegeze komeo, kakataa. Tatizo sasa ni kutoka. Jana kaingia saa kumi na mbili jioni na ndoo mbili, tunasikia kopo, kisha kimya, kisha taarabu ya zamani anaiimba nusu nusu. Saa moja kasoro mimi, mke wangu na watoto wawili tumepanga mstari koridoni na mataulo mabegani.

Mtu_wa_Foleni
Foleni imekufuata nyumbani.