Naomba ushauri: picha ya kuonyesha uani Jumamosi, watu mchanganyiko, isiniaibishe

MtotoWaNgamiani
Wakuu habari za muda huu. Jumamosi kuna shughuli nyumbani, watu kama arobaini, wazee kwa watoto. Projekta nimeazima, shuka jeupe lipo, spika ipo. Baada ya chakula nataka niwawekee watu picha moja ya maana. Mimi si mtu wa picha sana, nimeona zile ambazo kila mtu ameziona: Titanic, 3 Idiots, Home Alone, Commando, Black Panther. Kwa maoni yangu Titanic ndiyo baba lao. Naombeni ushauri, na tafadhali asije mtu akaniambia "inategemea".

Stelingi Hafi
Inategemea.

Haya, weka Sholay, 1975, uzi ufungwe. Uzuri wake hata asiyejua Kihindi wala kusoma maandishi ya chini anaelewa nani adui. Ila angalia unayo ipi. Ile iliyotoka sinema mwisho polisi wanamkamata jambazi Gabbar, kwa sababu wakaguzi wa filamu wa India walikataa adui yake Thakur ajichukulie sheria mkononi. Ipo nyingine yenye mwisho wa awali, Thakur anammaliza mwenyewe kwa miguu, si unajua mikono hana. Hiyo ndiyo picha. Zote ni saa tatu na ushee, kwa hiyo pumzisha watu katikati kama Wahindi wenyewe wanavyofanya.

FundiMwanga
Wewe unauliza picha, mimi nauliza taa. Projekta ina lumeni ngapi, yaani kipimo cha mwanga wake? Si zile zilizoandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa, za kweli, zinazoandikwa ANSI. Vile vidude vidogo vya bei chee vinatangaza maelfu lakini ukivipima havifiki hata mia tatu. Kama ni cha namna hiyo, shuka lako lisizidi upana wa mita moja na nusu, na Black Panther uisahau. Mapema tu kuna pambano la msituni usiku, watu wataona vivuli vinapigana. The Batman ya 2022 ndiyo usiiguse kabisa, saa tatu za giza tupu.

Umbali: tafuta kwenye kitabu cha projekta namba ya uwiano, tuseme 1.5. Zidisha kwa upana wa picha. Shuka la mita 2 maana yake projekta ikae mita 3 kutoka kwenye shuka. Ukingo wa chini wa shuka uwe juu ya vichwa vya waliokaa mbele, mita 1.2 kutoka ardhini kwa watu wa mkekani. Lining'inie kwenye bomba juu, na bomba lingine litiwe kwenye upindo wa chini livute. Upepo wa Tanga ukilipata shuka lisilo na uzito, stelingi anacheza taarabu.

Na spika usiunganishe kwa bluetooth. Sauti inachelewa, mdomo unafunga ndipo neno linatoka. Tumia waya.

Mama Bisi
Mnamrundikia mtoto wa watu kabla hajasema nani anakaa safu ya mbele. Hapo ndipo picha inapochaguliwa.

Nipite kwenye orodha yako. Commando, 1985, dakika 90, vijana watafurahi na mtacheka ile Porsche ya njano inayobondeka ubavu kisha inaondoka nzima kama haijaguswa. Wazee watalala. Home Alone, dakika 103, watoto watakufa kwa kicheko, lakini karibu saa nzima ya kwanza ni maneno ya Kiingereza, wezi wanaanza kupigwa pasi ya uso mwishoni. 3 Idiots nzuri sana, dakika 170, ila kuna ile hotuba ya mwanafunzi ambayo utani mwingi umekaa kwenye neno moja la Kihindi lililobadilishwa, na neno lililowekwa lina maana ya ubakaji. Maandishi ya chini yanalitafsiri bila aibu, tena mara nyingi mfululizo. Mbele ya mama yako utafanya nini, utakohoa?

Sasa niambie, safu ya mbele ni kina nani?

MtotoWaNgamiani
Asanteni. Projekta nimeangalia, ANSI 2,800, ya ofisini. Safu ya mbele watu wa kawaida tu, wazazi, majirani. Naona niende na Titanic, ndiyo watu wengi wanaijua.

Pweza Kavu
"Watu wa kawaida tu." Mtu hajasumbuka kufungua uzi kwa ajili ya majirani. Sema.

Mama Bisi
Nami nimenusa. Wazazi wa nani?

MtotoWaNgamiani
Sawa. Ni wazazi wa mchumba wangu. Barua ilishajibiwa, na hii ni mara ya kwanza wanakuja kwetu. Mdogo wangu amemaliza chuo, tumeunganisha. Lakini hilo halibadilishi kitu, Titanic ni picha ya heshima, imechukua Oscar 11.

Stelingi Hafi
😂😂😂 Titanic. Na baba mkwe. Kwenye mkeka mmoja. Nakaa hapa hapa na bisi zangu.

Pweza Kavu
Kaka, mkwe hata kuku anakula kwa kuangalia pembeni, wewe unataka kumwonyesha Rose akichorwa uchi kwenye kochi!

MtotoWaNgamiani
Hicho kipande nakijua, na cha kwenye gari pia. Nitakaa karibu na kompyuta, kikikaribia naruka. Nimeshafanya mazoezi.

FundiMwanga
Kuruka kwa kidole mbele ya watu arobaini ndiyo namna ya uhakika ya kukifanya kionekane. Ukibonyeza mshale, programu ya VLC inaruka sekunde chache tu, unatua katikati yake, unabonyeza tena, unarudi nyuma kwa bahati mbaya. Kila mtu anajua unachoficha.

Ukitaka kukata, kata kabla. Avidemux, programu ya kukata video, ni ya bure: weka alama A mwanzo wa kipande, alama B mwisho, futa, hifadhi. Ila alama zikae kwenye fremu kamili, zile zinazoonyeshwa kwa herufi I, la sivyo picha itagandaganda pale ulipokata. Na faili la maandishi ya chini halijui kwamba umekata. Ukitoa dakika mbili, kuanzia hapo maneno yote yatachelewa dakika mbili. Inabidi nayo uyasogeze.

Mama Bisi
Na hata akikata bado. Mnasahau picha inaanza wapi. Inaanza na wale watafuta hazina wa siku hizi wanafungua sefu na kukuta mchoro wenyewe. Uchi upo kwenye skrini kabla hata ya meli kung'oa nanga. Halafu mchumba wake Rose anaukuta tena kwenye sefu. Ukikata vyote hivyo, baba mkwe atauliza hawa watu wanagombana nini. Mwaka 2012 China walipoionyesha ile ya 3D kipande cha kuchorwa walikipunguza, lakini wao wana wakaguzi wa kazi hiyo.

Bado urefu. Saa 3 na dakika 14. Tanga hamuwezi kuanza kabla ya Isha kuswaliwa, tuseme saa mbili kamili. Bila kupumzika unamaliza saa tano na robo. Mzee wa watu atakuwa anakoroma barafu inapogongwa.

Kijiti cha Mwisho
Mimi ningeuliza habari ya kibali. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na kuna Bodi ya Filamu. Ukionyesha hadharani, mambo mengine hayo. Unatoza kiingilio?

MtotoWaNgamiani
Kiingilio cha nini tena, ni nyumbani.

Kijiti cha Mwisho
Basi nimekaa.

Pweza Kavu
Weka Neria, ya Zimbabwe, 1993, dakika 103, muziki wa Oliver Mtukudzi na mwenyewe anacheza ndani. Hakuna kitanda, hakuna aibu.

Mama Bisi
Pweza! Neria ni shemeji anayempora mjane nyumba, gari na watoto. Unataka mama mkwe aanze kuwahesabu kaka za bwana harusi?

Mtoto, kwa wakwe chukua Queen of Katwe, 2016. Saa mbili na dakika nne, Kampala, binti wa sataranji, Lupita ndiye mama. Ukifika mwisho usizime, watu halisi wanatokea mmoja mmoja kando ya waliowaigiza, hapo ndipo pa makofi. Ukiogopa Kiingereza, Mr. Bean's Holiday ya 2007: dakika 90, maneno yenyewe ya kuhesabu. Supa Modo ya Kenya ina Kiswahili na ni dakika 74, lakini ni mtoto mgonjwa ambaye haponi, na sherehe haitaki matanga.

Usije ukanunua zile zilizoingizwa sauti ya Kiswahili mtaani bila kuisikiliza yote. Mtafsiri hutia vichekesho vyake mwenyewe, na vingine ni vya kijiweni.

MtotoWaNgamiani
Nashukuru sana, ila naona mnanivuta mbali na Titanic na mimi nimeshamwambia mtu.

Pweza Kavu
Umemwambia nani?

MtotoWaNgamiani
Mzee mwenyewe. Baba mkwe ni baharia mstaafu. Siku ile ya barua tulikaa kimya chumba kizima, nikakosa cha kusema, nikamwambia ukija kwetu nitakuonyesha Titanic ilivyozama. Akatabasamu. Tangu hapo akipiga simu anauliza, "meli yangu ipo?" Sasa nikimwekea mtoto wa sataranji nitamwambia nini?

Mpiga Chabo
Nimesoma kimya kimya kutoka juu. Posti ya kwanza "shughuli". Ikabanwa, wakatokea wakwe. Ikabanwa tena, mkwe akapewa kazi, na kati ya kazi zote duniani ni ubaharia. Projekta ya kuazima, kumbe inajulikana hadi ANSI. Akaunti ina siku nne. Jamani hii ni chai, hadithi ya kutunga, na tangawizi imezidi.

Stelingi Hafi
Nilijua tu. Mtu gani hajui Sholay.

Kijiti cha Mwisho
Hata mimi lile la "meli yangu ipo?" nimeliona limepangwa sana.

Pweza Kavu
ANSI si aliulizwa na Fundi akaenda kuangalia! Mnataka aseme nini?

Mpiga Chabo
Swali moja tu. Mkweo alifanya kazi sitaha au chini? Usitafute popote, jibu.

MtotoWaNgamiani
Chini. Alikuwa oila, mtia mafuta kwenye mashine. Sikio la kushoto halisikii, anasema limebaki kwenye injini. Mimi nikimwamkia nasimama kulia kwake, shikamoo ya kushoto haijibiwi. Kama ni chai kunywa.

FundiMwanga
Basi na spika usiiweke kushoto kwake. Mkalishe ukingo wa kushoto wa safu, uso kwenye shuka, spika itoke kulia. Usimweke karibu na jenereta kama ipo.

Mama Bisi
Ungesema oila tangu jana tungekuwa tumelala.

Sikiliza. Iko picha ya Waingereza ya mwaka 1958, A Night to Remember. Titanic ile ile, nyeusi na nyeupe, dakika 123. Hakuna Jack wala Rose, hakuna mchoro, hakuna gari. Ni meli, barafu, watu wa redio, maboti yasiyotosha. Boxhall, ofisa wa nne wa Titanic yenyewe aliyepona, alikuwa mshauri wao. Ukianza saa mbili, saa nne na dakika tatu watu wanavaa viatu.

Kitu kimoja mwambie mzee mapema: humo meli inazama ikiwa nzima. Mabaki yalipatikana mwaka 1985 yakiwa vipande viwili, kwa hiyo waliotengeneza picha ile hawakujua. Mwache aikosoe, atafurahi.

Stelingi Hafi
Nyeusi na nyeupe mwaka huu? Watoto wataondoka.

Mama Bisi
Watoto wape Mr. Bean saa kumi na mbili na nusu jua likizama, wamalize, walale.

Pweza Kavu
Au Captain Phillips, ya 2013, meli ya mizigo na maharamia wa Kisomali, haina mapenzi hata chembe.

FundiMwanga
Kamera inatikisika mwanzo mwisho. Kwenye televisheni sawa, kwenye shuka la mita mbili tena mtu ameshiba pilau, hapana.

Mpiga Chabo
Bado sijashawishika. Lakini kama mkwe ni wa injini kweli, hata ya Cameron atataka aone chumba cha injini. Vipande vile vya mashine vilipigwa ndani ya meli ya kweli, Jeremiah O'Brien ya San Francisco, meli ya mizigo ya vita vya pili, wakaikuza ionekane kubwa. Titanic ilikuwa na boila 29, injini mbili za pistoni kwa propela za pembeni, na tabo (turbine) ya mvuke kwa propela ya katikati. Ile ya katikati hairudi nyuma. Muulize mzee kwa nini. Akijibu vizuri, nitafuta neno chai.

MtotoWaNgamiani
Nimempigia. Kasema, "tabo inazunguka upande mmoja, ukitaka kurudi uwe na nyingine ya kurudishia, wao hawakuiweka." Halafu kauliza kama nimeanza kusoma. Nimejibu ndiyo, Mungu anisamehe.

Pweza Kavu
😂 Posa imepita hiyo.

MtotoWaNgamiani
Jaribio la jana usiku: shuka la mama lina maua ya bluu kwa mbali, mchana hayaonekani, taa ikiwaka kila mtu ana ua shavuni. Nitapaka ukuta chokaa. Shida nyingine, ile ya 1958 nimeipata kwa jamaa, faili ni GB 5.1, flashi ni ya GB 16 na haina kitu lakini inasema nafasi haitoshi. Nini hiki?

FundiMwanga
Flashi imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata iwe tupu. Ukiifomati kwa mfumo wa exFAT itapokea, ila tundu la USB la projekta nyingi haliisomi. Kwa hiyo usihangaike na flashi, liache kwenye kompyuta, unganisha kwa HDMI, zima sauti za meseji. Chokaa ikauke siku mbili.

Mpiga Chabo
Chai haigomi kuingia kwenye flashi. Haya, nafuta. Mzee akisema chochote juu ya boila, urudi utuambie.